Sura ya Tisa: Betri ya Nne

Picha ya tatu ilipitishwa chini ya mlango wa Nesi asubuhi hiyo, na ndiyo iliyomfanya Nesi aape kwamba kwenye gwaride la utambulisho haendi ng'o, labda abebwe kwa machela. Inspekta hakumlaumu. Hata yeye alipoishika mara ya kwanza alijikuta anageuka kutazama dirisha.

Sasa zote tatu zilikuwa kwenye meza ya Fundi, pembeni ya bisibisi ndogondogo na kikombe cha chai kilichopoa. Ya kwanza, Nesi anasinzia dirishani mwa basi baada ya zamu ya usiku. Ya pili, amelala kwenye kiti cha chumba cha mapumziko hospitalini, mdomo wazi kidogo. Ya tatu, yumo jikoni kwake, ameinamia kikombe, na plasta kwenye kidole gumba. Hakuna hata moja aliyojua kwamba anapigwa. Nyuma ya kila moja palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: NYAMAZA.

Siku kumi na mbili zilizopita mwenye duka la dawa aliuawa kwa kupigwa na chuma kichwani. Nesi, aliyepanga chumba ghorofani upande wa pili wa uwanja, alimwona mtu akitoka mlango wa nyuma, akinawa mikono kwenye bomba la uwanjani, akigeuka mara moja tu. Hakuwepo shahidi mwingine. Gwaride lilikuwa saa kumi alasiri, na sasa ilikuwa saa nane kasoro robo. Bila Nesi hapakuwa na kesi. Na mtu anayeweza kukupiga picha umelala, akaondoka bila wewe kujua, hashindwi kurudi na kitu kingine mkononi.

"Hizi picha zinanikera," alisema Fundi.

Alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani miwili: mmoja puani, mwingine kichwani. Alitengeneza kamera na kuuza lenzi, na alikuwa na tabia ya kuwagombeza wateja kabla hawajafanya kosa.

"Zinamkera kila mtu, Fundi," alisema Koplo kutoka mlangoni. Koplo ndiye aliyekuwa mpiga picha wa kituo. Begi la kamera ya kazi halikumtoka begani. "Aliyepiga hajui kupiga. Tazama uso, ukungu mtupu."

"Ukungu upo wapi?"

"Si machoni hapo?"

"Na sikioni?"

Inspekta aliinama. Kweli. Katika picha zote tatu kope za Nesi zilikuwa kama zimepakwa mafuta, lakini hereni yake, kishanga kidogo cha bluu, ilionekana mpaka tundu la uzi.

"Asiyejua kupiga hukosea huku na huku," Fundi alisema. "Leo mbele, kesho nyuma, keshokutwa anapata. Huyu amelenga jicho mara tatu, na mara tatu amepata sikio. Umbali uleule. Mkono haukosei hivyo, mama. Hicho ni chombo."

"Chombo gani?"

Fundi alivuta droo akatoa lenzi tatu fupi, akazipanga.

"Milimita hamsini zote. Lenzi ya kawaida, inaona kama jicho lako, haivuti cha mbali. Ukitaka uso ujae hivi, unasimama hatua moja na nusu kutoka kwa mwenye uso."

Inspekta aliipima kwa macho. Hatua moja na nusu. Alimkumbuka Nesi alivyosema, "Labda yuko jengo la ng'ambo, dada, na mashine ya kuvuta." Yeye mwenyewe aliitikia ili kumtuliza. Kumbe mtu alisimama kwenye ngazi za nje, pua imekaribia pazia la jikoni.

"Hii yenye uwazi wa moja nukta nane," Fundi aliendelea, akigusa ile ndogo ya plastiki, "nyepesi, bei yake ya huruma, na inalenga vizuri. Hii ya moja nukta mbili ni jiwe. Tajiri huinunua akaiweka kabatini. Katikati ni hii, moja nukta nne. Mdomo wake mpana, unakunywa mwanga hata chumba kikiwa kiza, bila flashi. Lakini mdomo ukipanuliwa wote, sehemu inayoonekana safi ni unene wa vidole viwili. Ikihama kidogo tu, umepata sikio. Nawaambia watu kila siku, chukueni ya moja nukta nane. Hawasikii! Wananunua uwazi, hawanunui shabaha."

"Kwangu mimi zote ni chupa," alisema Inspekta.

Koplo alicheka. "Afande hata kamera ya simu huishika kichwa chini."

Alikuwa na ruhusa ya kumtania. Miaka mitatu walifanya kazi chumba kimoja. Yeye ndiye aliyemletea chai kila mchana Inspekta alipolala kidogo juu ya mafaili, akimwamsha taratibu na kusema, "Afande, unalala kama mtoto." Yeye ndiye aliyemcheka wiki iliyopita, Inspekta alipozungushia wino tone jekundu katika picha ya eneo la mauaji na kuagiza ngazi, kwamba kuna damu darini. Askari alipanda, akapangusa, akashuka na utando wa buibui tu. Kituo kizima kilimwita Mama Dari kwa siku mbili.

"Haya, tupime," alisema Inspekta.

Kamera iliyokuwa ikipimwa ilikuwa ya mpiga picha wa gazeti moja, jamaa aliyemwandama Nesi tangu mauaji akitaka mahojiano. Koplo ndiye aliyemkamata asubuhi, na Koplo alikuwa na uhakika naye: ana lenzi ya aina hiyo, anajua zamu za Nesi, alionekana hospitalini. Alasiri angesimamishwa kwenye gwaride.

Fundi alipanga betri tano mezani, mstari wa mshazari, kila moja nyuma kidogo ya mwenziwe. Akaweka kamera ya huyo wa Gazeti juu ya stendi ya miguu mitatu, akalenga betri ya tatu, ya katikati. Akapiga. Akarudia mara nne. Kisha akakuza picha kwenye kompyuta.

Betri ya tatu ilikuwa na ukungu. Iliyosomeka hadi maandishi madogo ilikuwa ya pili.

"Inakosea," alisema Koplo haraka. "Si nilisema?"

"Inakosea mbele," alijibu Fundi. "Huyu akilenga jicho anapata ncha ya pua. Picha zenu zinakosea nyuma. Mwacheni kijana wa watu aende zake."

Inspekta alitazama saa. Saa nane na robo. Mshukiwa wake alikuwa ameyeyuka, na shahidi wake alikuwa amejifungia ndani.

"Gwaride lazima lifanyike," alisema. "Tuna washukiwa wengine wawili wa kuwapanga. Koplo, nenda kamlete Nesi."

"Mimi?"

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, na baadaye alijilaumu sana. Kwa siku kumi na mbili, kila walipokwenda kwa Nesi, Koplo alibaki garini. Sare zinamtisha dada wa watu, alisema, panda wewe, wanawake mnaelewana. Inspekta aliona huo ni uungwana.

"Wewe. Mimi namalizia hapa. Nitampigia nimwambie anakuja askari."

"Sawa, afande." Akaweka begi vizuri begani, akashuka ngazi.

Gari liliondoka, na Inspekta akampigia Nesi kumwambia anakuja askari. Fundi alibaki ameshika picha ya jikoni, miwani yote miwili puani.

"Kuna lenzi naijua inayokosea nyuma vidole vinne," alisema taratibu. "Niliiuza mwenyewe. Nilimsihi yule baba achukue ya moja nukta nane, akagoma, eti maharusi wanapenda nyuma pawe laini."

"Nani?"

"Mnayemwita Bwana Harusi. Anapiga harusi za watu, yake haijulikani lini." Alikuwa ameshafungua daftari lake. "Hii hapa. Niliipima siku ya kuiuza. Betri ya nne kila mara. Sikuigusa lenzi, niliirekebisha kamera yake. Kamera kubwa zina mahali pa kuandika, lenzi hii ikivaa, rudi mbele kidogo. Niliandika hasi kumi na tano. Kwenye kamera yake inapata jicho barabara. Ukiivua ukaivika kamera nyingine, ugonjwa wake unarudi."

"Kwa hiyo si Bwana Harusi."

"Angekuwa yeye, jicho lingekuwa safi. Huyu ameiazima lenzi, hakujua kwamba dawa yake imebaki kwenye kamera. Niletee hiyo lenzi niipime."

Inspekta alijua ilipo.

Bwana Harusi ndiye aliyeshikwa wa kwanza, siku ileile ya mauaji, kwa kuwa alionekana dukani saa moja kabla. Nesi ndiye aliyemwokoa: si huyu, namjua huyu. Walimwachia. Lakini vifaa vyake havikuachiwa. Kila siku alikuja kaunta kulia njaa, na kila siku aliambiwa ni vielelezo mpaka kesi iishe.

"Iko kwetu," alisema Inspekta. "Stoo ya vielelezo. Tangu siku ya kwanza."

"Na huyu dada ana plasta. Aliumia lini?"

"Jumanne. Aliungua na pasi."

Leo ilikuwa Alhamisi; picha ilipigwa wakati lenzi iko chini ya kufuli la kituo. Fundi aliweka picha mezani kwa uangalifu mkubwa.

Stoo ilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulining'inia shingoni mwa Inspekta, chini ya blauzi. Wa pili alikuwa nao anayepiga picha vielelezo na kuvibandika nambari. Na maboksi ya dawa yaliyokutwa dukani kwa marehemu, yale yenye lebo zilizokwanguliwa: alidhani ni lebo za forodha, kumbe ni nambari za vielelezo vilivyoibwa stoo.

"Fundi, hizi picha zina alama nyingine yoyote? Ya kamera, si ya lenzi."

"Ipo. Nilidhani umeiona." Ukucha wake uligusa pembe ya juu kulia. Nukta nyekundu, ndogo kama ncha ya sindano. Akagusa ya pili, ya tatu. Palepale. "Ndani ya kamera kuna chembe moja ya kunasa mwanga imekufa. Kila picha itatoka na nukta hiyo, mahali hapohapo, mpaka kamera itupwe."

Inspekta hakuhitaji kufungua faili, lakini alifungua. Picha ya duka la dawa, mzunguko wa wino, tone la damu darini. Picha ya sakafu: nukta palepale, juu ya vigae. Picha ya marehemu: palepale, juu ya shati. Picha kumi na nane zilizopigwa na kamera ya kituo, na kila moja ilikuwa na damu yake ya uongo.

"Nimemtuma," alisema. "Mungu wangu, nimemtuma mimi mwenyewe."

Aliogopa. Aliogopa hata kidole kikakosea namba, akapiga tena. Nesi alipokea kwa sauti ya chini.

"Dada, askari wako amefika. Anagonga."

"Umemfungulia?"

"Bado, natafuta viatu. Nimeweka mnyororo."

"Usimfungulie. Mdogo wangu, nisikilize. Usijibu, usivae viatu. Ingia bafuni, funga, kaa chini. Sasa hivi."

Kwa mbali, kupitia simu, alisikia kugonga. Mara tatu, taratibu, kistaarabu, kama mtu anayeleta chai.

Akakata, akampigia Koplo.

Ilibidi aseme uongo, tena uongo mtamu. Mlango ule wa mbao laini usingezuia bega la mwanaume kwa dakika mbili, na kituo kilikuwa dakika ishirini. Alijikohoza. Alimtazama Fundi. Akapiga moyo konde.

"Koplo! Uko wapi?"

"Mlangoni, afande. Hafungui huyu."

"Mwache! Tumempata mtu wetu. Ni wa Gazeti, ulisema kweli. Fundi alikosea kufunga lenzi; amerudia mara sita."

Kugonga kulikoma. Hakusikia chochote ila pumzi.

"Imegonga nini?" aliuliza Koplo.

"Sikio. Sikio kabisa, na macho ukungu."

Pumzi tena. Inspekta alihesabu moja, mbili, tatu.

"Si alisema inakosea mbele?"

"Ndiyo maana nakwambia alikosea! Njoo upige hizi betri zilivyokaa kabla mama huyu hajazivuruga. Nani mwingine ana kamera? Nesi tutamfuata pamoja, akiniona mimi atafungua."

"Haya," alisema Koplo. Sauti yake ilikuwa imelegea, karibu ya furaha. "Nakuja, afande."

Nesi alipiga baada ya dakika mbili. Hakuwa bafuni. Alikuwa ametambaa mpaka dirisha la jikoni.

"Dada." Alikuwa analia kimyakimya. "Amepita pale bombani. Amegeuka kuangalia juu. Ndiye. Ni yuleyule wa siku ile. Na wewe unatembea naye?"

Inspekta alimwambia akae palepale, kisha akampigia mkuu wa kituo, akaeleza kwa sentensi nne. Askari wawili wa karibu walikuwa wa usalama barabarani, kwenye mzunguko wa barabara hapo chini. Walifika wakihema, akawaficha nyuma ya pazia jeusi la chumba cha picha za pasipoti.

"Ana bastola kiunoni, upande wa kulia," aliwanong'oneza. "Msitoke mpaka kamera iwe usoni mwake. Kamera ile hushikwa kwa mikono miwili."

Kisha hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, na kusubiri ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Fundi alipanga upya betri zilizokuwa zimepangika tayari.

Gari. Mlango wa gari. Hatua kwenye ngazi, bila haraka.

Koplo aliingia akitabasamu. Kamera ilikuwa tayari shingoni, na mbele yake ilikaa lenzi fupi, nene, mdomo mpana. Hata hakujisumbua kuibadilisha. Kwa nini ajisumbue? Kwa afande wake zote zilikuwa chupa.

"Ziko wapi?"

"Hizo. Lenga ya katikati. Usitumie flashi, mama anasema inang'arisha chuma."

Alisogea. Mkono wake wa kulia ulipita karibu na kiuno, na Inspekta akaacha kupumua. Ukapanda. Ukashika kamera. Wa kushoto ukakamata lenzi chini. Koplo alifumba jicho moja, akainama, hatua moja na nusu kutoka mezani.

Kamera ililia mara moja.

Pazia lilitoka na vyuma vyake. Yalikuwa mapambano mafupi. Kiti kilivunjika, mtu akatukana, na askari mmoja akapoteza jino. Koplo alipolala kifudifudi na pingu mgongoni alikuwa bado anahema, shavu sakafuni, akimtazama Inspekta kwa jicho moja.

"Afande, hebu niambie. Kuna nini?"

Fundi ndiye aliyeokota kamera. Aliwasha kioo cha nyuma, akakuza, akavua miwani mmoja.

"Betri ya nne," alisema. "Na nukta yako ile, mama. Juu kulia."

Koplo alifumba jicho lake.

Waliposhuka naye, Inspekta aliketi. Alitaka kumpigia Nesi, kumwambia avue mnyororo, alale, Koplo amekwishashikwa. Kwanza aliichukua kamera, kwa kuwa kazi ni kazi, akamwomba Fundi amwoneshe kitufe cha kurudi nyuma.

Picha iliyotangulia ilikuwa mlango wa Nesi, uliofungwa, umepigwa mchana huohuo. Iliyotangulia hiyo ilikuwa ya jikoni, kikombe, plasta. Akabonyeza tena, akitegemea kiti cha hospitalini.

Alimwona mwanamke amelala juu ya mafaili, shavu limebana karatasi. Kope zilikuwa ukungu. Sikio lilikuwa safi kabisa, na hereni ya dhahabu aliyoachiwa na mama yake ilionekana mpaka mkwaruzo wake. Pembeni ya kichwa palikuwa na kikombe cha chai, mvuke bado unapanda.

Akabonyeza. Yeye tena, siku nyingine, blauzi nyingine. Akabonyeza, yeye.

"Mama," Fundi aliita. "Mama, ziko ngapi?"

Inspekta aliweka kidole sikioni, kwenye hereni, akaendelea kubonyeza.